Milingoti Ikiwa Mibovu, Refa Aamue Kabla ya Kipenga

Viwanja vingi vinavyochezewa raga Afrika Mashariki havikutengwa kwa ajili ya raga peke yake. Uwanja wa shule hutumika kwa soka, riadha na gwaride. Uwanja wa mji hubeba mikutano ya hadhara na maonyesho ya kilimo. Milingoti ya raga ni mirefu na haina kazi nyingine, basi jukwaa likihitaji nafasi, yenyewe ndiyo hung'olewa, na kurudishwa kwake hungoja msimu ukaribie. Ile ya mbao huliwa na mchwa. Ile ya chuma hushikwa na kutu pale inapoingia ardhini, na chuma chakavu kina soko: Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara hiyo kwa sababu ya wizi na uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nguzo za umeme. Kwa hiyo refa wa raga ya klabu ndogo, ya shule au ya mtaani hana budi kujua kwamba siku moja atafika uwanjani akute mlingoti umeinama, mwamba umetoweka, au upande mzima hauna goli. Timu mbili zitakuwa zimeshavaa jezi, mashabiki wameshafika, na kila mtu atamtazama yeye. Ushauri wa makala haya ni mmoja, na yote yatakayofuata ni sababu zake: suala la milingoti liamuliwe kabla ya kipenga cha kwanza, kwa sauti, mbele ya manahodha wote wawili, na lisibadilishwe baadaye; na refa asitoe hata pointi moja kwa goli ambalo hakuna aliyeliona.

Wapo wanaoona jambo hili ni dogo. Wanasema raga ni mchezo wa kukimbia na mpira, kukabana na kufunga trai, na kwamba mikwaju ya goli ni nyongeza tu. Matokeo ya mechi kubwa kabisa yanawakanusha. Trai ni pointi 5, mkwaju wa nyongeza baada ya trai ni 2, na goli la mkwaju wa adhabu ni 3, sawa na goli la mpira uliodondoshwa na kupigwa mchezo ukiendelea. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1995, Johannesburg, Afrika Kusini iliishinda New Zealand 15–12 bila timu yoyote kufunga trai. Fainali ya 2007, Paris, Afrika Kusini iliishinda Uingereza 15–6, tena bila trai. Na Oktoba 2023, kwenye fainali nyingine jijini Paris, Afrika Kusini ilishinda 12–11 kwa mikwaju minne ya adhabu ya Handré Pollard, huku trai pekee ya mechi ikifungwa na New Zealand. Ondoa milingoti kwenye fainali hiyo, ubakize trai tu, na kombe linakwenda upande mwingine. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa, iliyochezwa Edinburgh mwaka 1871 kati ya Scotland na Uingereza, trai yenyewe haikuwa na pointi. Ilimpa mfungaji nafasi ya kupiga goli, na magoli ndiyo yaliyohesabiwa. Milingoti basi ni sehemu ya hesabu ya mchezo huu tangu mwanzo. Anayeruhusu mechi ichezwe bila milingoti anaruhusu mchezo mwingine, na ni haki ya wachezaji kuambiwa hivyo mapema.

Tuanze na kile ambacho sheria inasema. Sheria ya kwanza ya raga, inayohusu uwanja, inataja vipimo vya goli: nafasi kati ya mlingoti na mlingoti ni mita 5.6, ukingo wa juu wa mwamba uwe mita 3 kutoka ardhini, na milingoti yenyewe isipungue urefu wa mita 3.4. Kinga inayofungwa kwenye mlingoti isitokeze zaidi ya sentimita 30 kutoka mstari wa goli. Sheria hiyohiyo inazitaka timu zenye pingamizi kuhusu uwanja zimweleze refa kabla ya mechi, na inamtaka refa ajaribu kuondoa tatizo, lakini inamkataza kuanzisha mechi ikiwa sehemu yoyote ya uwanja ni hatari. Mchezo ukishaanza, refa ndiye mwamuzi pekee wa matukio na wa sheria, na ana uwezo wa kuusimamisha au kuumaliza wakati wowote akiona kuendelea ni hatari. Hayo yanatosha kumpa refa mamlaka. Yasiyomo ni orodha ya nini kifanyike mlingoti ukikatika dakika ya 50 na timu moja ikiongoza kwa pointi mbili. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na busara ya papo kwa papo, maana kila uamuzi unaotolewa wakati ubao wa matokeo unasoma namba utakuwa na mnufaika na mwathirika.

Jambo la kwanza ni usalama, nalo halina mjadala wala kura ya manahodha. Milingoti ya raga inasimama juu ya mstari wa goli, mahali ambapo watu wazito hurukiana chini kugombea sentimita chache. Refa afike mapema, walau saa moja kabla ya mechi, na aende kwenye kila goli kwa miguu badala ya kulitazama kutoka katikati ya uwanja. Asukume kila mlingoti kwa mikono miwili, kwa nguvu, akiangalia shina lake: likicheza ndani ya tundu, au udongo ukipasuka kuzunguka shina, mlingoti huo hauko imara. Achunguze kutu palipo chini ya kinga, kwa sababu kinga huficha unyevu na uozo. Atazame maungio ya mwamba na bolti zake. Kama hakuna kinga kabisa, zitafutwe hata za kubuni, kama magodoro ya sponji yaliyofungwa kwa kamba imara, kwa sharti kwamba hayazidi kile kipimo cha sentimita 30. Kinga nene kupita kiasi huziba mstari wa goli na kuwanyima washambuliaji sehemu yake, hasa tangu 2020, sheria ilipobadilishwa ili mpira unaogusishwa kwenye kinga usihesabiwe tena kuwa trai.

Hatari nyingine husahaulika kwa sababu haionekani kwa mbali. Mlingoti ukiibwa au kung'olewa huacha shimo, na ukikatwa huacha kisiki cha chuma au mbao. Kisiki cha sentimita 10 juu ya mstari wa goli ni kibaya kuliko mlingoti mzima uliovunjika juu, maana mchezaji aliyeinamisha kichwa kufunga trai hakioni. Shimo nalo huvunja kifundo cha mguu. Refa anayeambiwa kwamba upande ule hauna goli asiridhike na jibu hilo. Aende akatazame kilichobaki ardhini. Shimo lijazwe udongo na kushindiliwa, na kisiki king'olewe au kikatwe chini ya usawa wa ardhi kisha kifukiwe. Hilo likishindikana, mechi isianze katika uwanja huo, hata kama manahodha wako tayari kutia saini. Mchezaji ana hiari ya kukabili hatari za mchezo, ila hana hiari ya kumfanya refa aanzishe mechi ambayo sheria imemkataza kuianzisha.

Usalama ukishathibitishwa, ndipo swali la mchezo linapokuja, na hapa refa anahitaji kutofautisha uharibifu wa aina na aina. Kuna uharibifu unaoonekana mkubwa kumbe hauna athari ya kisheria. Mlingoti uliokuwa na urefu wa mita 8 ukakatika kwa juu na kubaki mita 5 bado ni halali, kwa kuwa kiwango cha chini ni mita 3.4. Milingoti miwili isiyolingana urefu ina sura mbaya, lakini kila mmoja ukipita kiwango hicho, goli lipo. Kinachobadilika ni kwamba mikwaju ya juu itapita mahali ambapo hakuna mlingoti wa kupimia, na itabidi kuamua kwa kuurefusha mlingoti kwa macho. Refa awaeleze manahodha hivyo kabla ya mechi, awaambie kwamba uamuzi utafuata mstari wa mlingoti uliopo kwenda juu, na aanzishe mchezo. Kuahirisha mechi kwa sababu ya ncha iliyovunjika ni kuwanyima watu mchezo bila sababu.

Mwamba uliopotea ni suala jingine. Bila mwamba hakuna cha kutofautisha mpira uliopita mita 3.2 na uliopita mita 2.8, na tofauti hiyo ndogo ndiyo pointi 2 au 3. Suluhisho la kwanza linalokuja akilini mwa wengi ni kamba. Likataliwe. Kamba hulegea katikati, hupeperushwa na upepo, na urefu wake katikati ya goli hauwi ule wa pembeni. Hata soka, mchezo ambao kipa husimama chini ya mwamba na kila mpira wa juu huonekana kwa karibu, kwa miaka mingi umekataza kamba kuchukua nafasi ya mwamba uliovunjika. Kinachokubalika ni kitu kigumu na kilichonyooka: bomba la chuma, au mti wa mkalatusi uliochongwa vizuri, uliofungwa kwa bolti au waya mzito kwenye milingoti yote miwili. Upimwe kwa futi ya kupimia, pembeni na katikati, ukingo wa juu ufike mita 3. Kisha utikiswe. Kama unaweza kuanguka ukipigwa na mpira, basi unaweza kumwangukia mtu, na turudi kwenye usalama. Ukiwa imara na kipimo kikiwa sawa, goli hilo limetimiza vipimo vya sheria na mechi iendelee kama kawaida.

Kesi ngumu kuliko zote ni ile ya uwanja wenye goli upande mmoja tu, au usio na goli kabisa. Hapa refa atenganishe mechi ya mashindano na mechi ya kirafiki, kwa sababu mamlaka yake si sawa katika hizo mbili. Katika mechi ya ligi au ya kombe, pointi zinaingia kwenye msimamo unaozihusu timu ambazo hazipo uwanjani. Refa na manahodha wawili hawana haki ya kukubaliana kuondoa mikwaju ya goli, kwa kuwa wanagawa kitu ambacho si chao peke yao. World Rugby, shirikisho la dunia la mchezo huu, huviruhusu vyama vya nchi kubadili baadhi ya masharti kwa ngazi za chini, lakini kibali hicho ni cha chama, hakikupewa refa aliyesimama kwenye jua la saa tisa. Njia sahihi ni kumpigia simu msimamizi wa mashindano kabla ya muda wa kuanza, kumweleza hali, na kufuata kanuni za mashindano: kuhamia uwanja wa jirani, kuchelewesha mechi ili goli litengenezwe, au kuiahirisha. Asipopatikana mtu na kanuni zikiwa kimya, refa asianzishe mechi ya ligi. Timu zikitaka kucheza hata hivyo, zicheze kirafiki, na ripoti iseme wazi kwamba ilikuwa ya kirafiki.

Katika mechi ya kirafiki mlango ni mpana zaidi, ila makubaliano yawe kamili. Lililo rahisi na la haki ni kuondoa mikwaju yote ya goli katika pande zote mbili, hata kama upande mmoja una goli zima. Trai ibaki pointi 5, pasiwe na mkwaju wa nyongeza, na timu iliyopewa adhabu ichague kati ya kuupiga mpira nje, kuanza kwa haraka au kuomba skramu. Refa anayekubali mpango huu ajue unabadilisha tabia ya wachezaji. Katika mchezo wa kawaida, mlinzi anayetaka kufanya faulo mbele ya goli lake hupima pointi 3 atakazoigharimu timu yake. Pointi hizo zikiondolewa, faulo inakuwa nafuu, na walinzi watalala juu ya mpira na kuotea makusudi kuliko kawaida. Dawa ni kadi. Refa awaambie manahodha mapema kwamba faulo za kurudiwa karibu na mstari zitaadhibiwa kwa kadi ya njano mapema kuliko walivyozoea, na kwamba trai ya adhabu itabaki na pointi zake 7, ili anayezuia trai kwa faulo asifaidike kwa kukosekana kwa milingoti.

Wengine hupendekeza njia ya kati: mikwaju yote ya nyongeza ipigwe kwenye goli moja lililosimama, hata kwa trai iliyofungwa upande mwingine. Inawezekana, lakini ina gharama zinazopaswa kujulikana. Sheria inataka mkwaju huo upigwe kwenye mstari ulio sambamba na mstari wa pembeni, kupitia mahali trai ilipofungwa. Ukihamishwa upande wa pili, lazima pembe ihamishwe sawasawa: trai iliyofungwa mita 15 kutoka mstari ulio kushoto mwa mshambuliaji ipigiwe mita 15 kutoka mstari ulio kushoto mwa mpigaji anapolitazama goli jingine. Wasiozingatia hilo humpa mpigaji wa mguu wa kulia upande usio wake. Upepo nao hugeuka. Aliyefunga akiwa anakabili upepo sasa anaupata mgongoni. Mikwaju ya adhabu haifai kuhamishwa hivyo, maana katika mchezo halisi mpira uliokosa goli unaweza kudakwa na kukimbizwa, na nafasi hiyo hupotea ukipigwa upande wa pili wa uwanja. Kwa hiyo mpango huu unafaa kwa mazoezi na bonanza tu, mahali ambapo matokeo hayamnyimi mtu kombe.

Sasa tuyajibu mapingamizi. La kwanza hutoka kwa marefa wenyewe: kwamba refa mzoefu anaweza kukisia. Amekwisha kuona mikwaju maelfu, anajua mpira unaokwenda golini, basi mwamba au mlingoti mmoja ukikosekana aamue kwa jicho. Lakini mwaka 2011, katika Kombe la Dunia, Wales ilicheza na Afrika Kusini mjini Wellington. James Hook wa Wales alipiga mkwaju wa adhabu uliopaa juu sana, karibu na usawa wa ncha ya mlingoti. Uwanja ulikuwa wa kimataifa, milingoti ilikuwa mizima, na waamuzi wasaidizi wawili walikuwa wamesimama chini yake. Vibendera havikuinuliwa. Wales ilishindwa 17–16, na mabishano kuhusu mkwaju huo yakaendelea muda mrefu baada ya mashindano kwisha. Ikiwa wataalamu waliosimama chini ya milingoti mizima hawakuweza kuumaliza ubishi, refa wa peke yake anayetazama hewa tupu kutoka mita 30 hatauepuka. Isitoshe, mechi isiyo na waamuzi wasaidizi walioteuliwa hutumia washika vibendera wanaotolewa na timu zenyewe. Kumwomba mshika kibendera wa timu moja aamue kama mpira umepita juu ya mwamba usiokuwepo ni kumtia katika jaribu lisilo la lazima, na kuitia timu ya pili katika shaka isiyoweza kuondolewa.

Huenda mtu akakumbusha kwamba sheria yenyewe inampa refa ruhusa ya kukadiria, kwa kuwa trai ya adhabu hutolewa pale trai ingeelekea kufungwa kama si faulo. Ni kweli, lakini ruhusa hiyo ina msingi wake: kuna mchezaji aliyevunja sheria, na makadirio yanafanywa ili asifaidike na kosa lake. Mlingoti uliooza haukuvunjwa na timu pinzani. Kumpa mpigaji pointi 3 za kukisia ni kumwadhibu mpinzani kwa kosa la mchwa au la mwenye uwanja. Pasipo na mkosaji, pasiwe na fidia ya pointi.

Pingamizi la pili husema kwamba timu hubadilishana pande wakati wa mapumziko, kwa hiyo goli bovu la upande mmoja linaziumiza zote sawa. Hesabu hiyo ina haki ya juujuu tu. Upepo wa pwani hauvumi kwa nguvu ileile saa nane na saa kumi. Uwanja wenye mteremko huleta adhabu nyingi upande wa chini. Timu moja huenda ina mpigaji hodari na mpango wake wote umejengwa juu yake, huku nyingine ikitegemea nguvu ya mstari wa mbele. Zaidi ya yote, thamani ya mkwaju hutegemea dakika: mkwaju wa dakika ya 10 na ule wa dakika ya 78, timu ikiwa nyuma kwa pointi mbili, ni pointi 3 zilezile kwenye karatasi lakini si nafasi ileile. Timu inayoshambulia upande usio na goli mwisho wa mchezo ndiyo itakayolipa, na haikuchagua.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo linastahili heshima. Timu imesafiri kwa basi kutoka Kakamega hadi Mombasa, imelala njiani, imechanga nauli. Kuwaambia warudi kwa sababu ya mlingoti mmoja ni ukatili. Refa mwenye moyo ataumia. Lakini gharama ya safari ni sababu ya kulikagua goli siku tatu kabla, haiwi sababu ya kuanzisha mechi yenye hatari au yenye matokeo yatakayokatiwa rufaa. Timu iliyosafiri, ikacheza, ikashinda kwa goli la kukisiwa, kisha ushindi ukafutwa na kamati, imepoteza zaidi ya nauli. Ndiyo maana wajibu wa kwanza ni wa mwenyeji. Kanuni za mashindano zimtake athibitishe kwa maandishi, pamoja na picha, kwamba magoli yote mawili yamesimama na yamepimwa, siku kadhaa kabla ya mechi. Na asipofanya hivyo, gharama za mechi iliyoahirishwa ziwe juu yake. Refa naye akipangiwa mechi asisubiri siku yenyewe. Ampigie simu mwenyeji katikati ya wiki na aulize juu ya milingoti kwa jina, pamoja na chaki na vibendera.

Linabaki tukio la mlingoti kuvunjika mchezo ukiendelea. Hatua za mwanzo ni za haraka na hazina utata: refa apulize kipenga, asimamishe saa, na awaondoe wachezaji wote mpaka umbali unaozidi urefu wa mlingoti wenyewe. Asiruhusu mchezaji yeyote kuushikilia au kupanda juu yake. Hiyo ni kazi ya watu wa uwanja. Awatangazie manahodha muda wa kungoja, tuseme dakika 20 au 30, na kila kilichotengenezwa akikague upya kama alivyokikagua mwanzo. Goli likitengemaa, mchezo uendelee kwa skramu ya timu iliyokuwa na mpira, au kwa mkwaju uliokuwa unasubiri kupigwa. Lisipotengemaa, mechi imalizwe, dakika na matokeo yaandikwe, na refa asitangaze mshindi. Kamati ya mashindano itaamua kama matokeo yasimame au mechi irudiwe.

Wapo watakaosema hapo manahodha wakubaliane kuendelea bila mikwaju. Tatizo ni kwamba makubaliano ya dakika ya 50 hayako huru. Nahodha anayeongoza kwa pointi mbili atafurahia kuondolewa kwa mikwaju. Anayefuata nyuma atakataa, na kila mmoja ataita msimamo wake haki. Kabla ya kipenga hakuna anayejua nani ataongoza, nani atakuwa na upepo, wala goli lipi litavunjika, na kwa hiyo watu wote wawili hutafuta mpango ambao wangeukubali wakiwa upande wowote. Huo ndio wakati pekee ambao makubaliano ni ya haki kweli. Kwa hiyo, refa akiona dalili za udhaifu kwenye milingoti, hata ikiwa imepita ukaguzi, awaulize manahodha wakati wa kurusha sarafu: goli likivunjika na lisitengenezeke, kanuni za mashindano zinasema nini, na tukiwa katika mechi ya kirafiki tutafanya nini? Swali hilo huchukua dakika mbili.

Makubaliano hayo yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya uwanjani hupotea kwa kasi zaidi kwa sababu walioshindwa huyakumbuka kwa namna yao. Inatosha refa kuandika kwenye kadi yake ya mechi sentensi mbili au tatu kwa lugha ambayo manahodha wote wanaielewa, wazisome, na watie saini. Apige picha za milingoti kabla ya mechi na baada ya tukio lolote. Katika ripoti yake ataje hali aliyoikuta, vipimo alivyochukua, aliozungumza nao, saa aliyosimamisha mchezo na sababu yake. Aandike alichokiona na alichokifanya, bila kumtuhumu mtu kwa uzembe au wizi asioushuhudia. Ripoti ya namna hiyo humlinda refa mbele ya kamati, na huisaidia kamati kumdai mwenyeji atengeneze uwanja kabla ya mechi inayofuata.

Mashindano ya wachezaji saba kila upande yanahitaji uangalifu wa ziada. Kwa siku moja goli lilelile hutumiwa na timu nyingi, na tofauti ya pointi mara nyingi huamua nani asonge mbele timu za kundi zikifungana. Goli likivunjika mechi ya tano, timu zilizocheza mapema zitakuwa zimekusanya mikwaju ya nyongeza ambayo waliofuata hawataipata. Waandaaji waweke katika kanuni zao, kabla ya mechi ya kwanza, jinsi tofauti hiyo itakavyohesabiwa ikiwa goli litapotea. Njia moja ya haki ni kulinganisha idadi ya trai kwa timu zote za kundi badala ya pointi. Kwa watoto wadogo jambo ni jepesi zaidi: katika nchi nyingi raga yao huchezwa bila mikwaju ya goli, basi mwalimu asiwe na haraka ya kusimamisha miti dhaifu ili uwanja ufanane na wa wakubwa. Magoli yasiyokazwa ardhini yamewahi kuwaangukia na kuwaua watoto katika nchi mbalimbali. Uwanja ulio wazi ni bora kuliko goli lisiloaminika.

Refa wa raga, wewe ndiye mtu pekee uwanjani asiye na timu. Nenda mapema, sukuma milingoti kwa mikono yako, pima mwamba, sema na manahodha wote wawili kwa pamoja, andika mlichokubaliana, na ukiona hatari kataa kuanzisha mechi hata kama uwanja mzima unakuzomea. Nanyi viongozi wa klabu na walimu wa michezo, msimwachie refa mzigo ambao fundi na mfuko wa saruji vingeutatua wiki moja kabla. Kagueni magoli yenu wiki hii.